Neno "Mara Moja"

Neno "mara moja" lina maana mbili. Mama wa hapa Panda akimwita mtoto, "Kuja mara moja!", ataka upesi. Lakini mhubiri akisema, "Ubatizo hupokelewa mara moja," ataka kusema haurudiwi. Mkatekumeni aweza kudhani anaharakishwa. Naye aliyekwisha kubatizwa, akiitwa kubatizwa tena kwingine, hana la kujibu. Kosa si la neno, ni la kuliacha peke yake. Waraka kwa Waebrania, sura ya 9, husema "mara moja tu" juu ya sadaka ya Kristo. Hiyo "tu" ndiyo mlinzi wa maana. Ubatizo, Kipaimara na Daraja hutia rohoni alama isiyofutika. Basi, wakatekista, tufundishe hivi: "Mara moja tu, wala hairudiwi."