Thika: Jina la Mahali Kama Kaburi la Mashujaa

Miongoni mwa masimulizi yahusuyo asili ya Thika, limo moja lipendwalo kuliko mengine. Husemwa kwamba Wakikuyu na Wamaasai walipigana karibu na makutano ya mito Thika na Chania, wengi wakaangamia pande zote mbili, nao waliosalia wakawafukia wenzao chini ya matuta ya udongo. Ndipo mahali pakaitwa Thika, kutokana na kitenzi cha Kikuyu gũthika, yaani kuzika. Simulizi hili limenakiliwa mara nyingi, na aghalabu bila kuhojiwa.

Udugu wa gũthika na kuzika hauna shaka, na ndio unaolipa simulizi mvuto hata kwa asiye Mkikuyu. Lakini ufanani wa sauti si ithibati. Umbo Thika, likiwa halina kiambishi cha ngeli, kisarufi ni amri: zika! Lilinganishwe na Ruiru, jirani yake. Huko kiambishi rũ- chapatana na rũũĩ, mto, na -irũ ni weusi. Mto mweusi, basi, wala hapana haja ya vita. Tena Thika ni mto kabla ya kuwa mji. Hutoka milima ya Nyandarua, ukapita Ndakaini, na kuteremka mwendo mrefu kabla ya kukutana na Chania. Msimulizi alipaswa kueleza jinsi kaburi la huku chini lilivyoupa jina mto mzima, haelezi. (Wanaolipeleka jina kwa Kimaasai hawana ushahidi bora zaidi.)

Udhaifu mkubwa, hata hivyo, umo katika mila. Kwa Wakikuyu wa kale, kuzikwa kulikuwa heshima ya wachache, hasa wazee wenye mali na watoto. Wengine walilazwa porini, wakaachiwa fisi. Wamaasai nao hawakuwa na desturi ya kuchimbia kila maiti kaburi. Kijana wa vita aliyeanguka kondeni hakutazamia tuta la udongo. Kwa hiyo ama tendo hili lilikuwa la ajabu mno, na kwa ajabu yake likastahili kuacha jina. Ama simulizi limetungwa, au walau limerekebishwa, baada ya kaburi kuwa ndiyo njia ya kumheshimu marehemu, yaani katika zama za ukoloni na misheni. Rai ya pili ina uzito zaidi. Kama lisimuliwavyo kwa kawaida, simulizi halitaji rika lolote, hali Wakikuyu walizoea kuyahifadhi matukio makubwa katika majina ya marika.

Je, litupwe? La hasha. Thamani yake yaonekana likiwekwa kando ya ukumbusho wa Nairobi uliozinduliwa mwaka 1928: askari na wapagazi wa shaba, maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na maneno ya Rudyard Kipling yanayowaahidi waliokufa kwamba wana wao watalikumbuka jina lao. Ahadi nzuri, juu ya jiwe lisilo na jina hata moja! Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika na Wahindi wengi waliokufa katika Vita vya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wa Kenya walibakiwa na Kariokor, jina la kikosi chao lililogeuka kuwa mtaa na soko. Simulizi la Thika nalo halina majina, lakini angalau lazika pande zote mbili pamoja, jambo ambalo wachongaji wa shaba hawakulithubutu.

Lililobaki kwa wanaisimu ni toni. Kikuyu ni lugha ya toni, na toni haiandikwi katika tahajia ya kawaida. Wazee wa Gatanga, wanaolitamka jina la mto mbali na mji na hoteli zake, wasikilizwe walitamkapo, kisha walitamke lile la kuzika.