Kipimo Kimo Kwenye Nati

Katika kilima cha Nakasero, katikati ya Kampala, baiskeli za namna mbili zisizofanana hata kidogo hutumia barabara zilezile. Upande wa juu, kwenye Ikulu, ofisi za kibalozi na nyumba zenye ua mpana, huonekana baiskeli za milimani zenye gia nyingi na breki za diski; upande wa chini, kuzunguka Soko la Nakasero, husukumwa baiskeli nzito nyeusi zilizosheheni mikungu ya matoke na mananasi. Waganda huziita zote eggaali, neno lenye asili moja na gari la Kiswahili, kwani yote mawili yametoka India. Anayetaka zana ya kukunja, yaani kifaa kidogo cha mfukoni kinachokusanya spana, bisibisi na alenki katika mpini mmoja, hana budi kwanza aseme ataihudumia baiskeli ipi kati ya hizo, kwa maana swali la uimara wa zana hiyo halina jibu kabla ya hapo.

Baiskeli nyeusi ndiyo yenye masharti magumu zaidi. Umbo lake lilienezwa na viwanda vya Uingereza kama Raleigh ya Nottingham, kisha likaendelezwa na vya India, mfano Hero iliyoanza kuunda baiskeli mjini Ludhiana mwaka 1956, na ndiyo iliyovusha abiria kati ya vituo vya mpaka vya Uganda na Kenya katika miaka ya 1960, hata jina la bodaboda likazaliwa. Kwa kuwa asili yake ni Uingereza ya vipimo vya inchi, nati zake nyingi hazilingani barabara na spana za milimita zinazojaa madukani. Nati ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7; spana ya 13 huipokea bila shida, na mnunuzi huridhika, lakini ile tofauti ya milimita 0.3 huuhamisha mkazo wote kutoka kwenye bapa za nati hadi kwenye pembe zake, nazo pembe hukwanguka kidogo kila zamu hadi nati ikawa duara. Hapo mafundi husema nati imeliwa. Spana yenyewe huenda bado inang'aa, na mwenye nayo akaisifu kuwa haichakai, ilhali imeshaharibu kitu ilichonunuliwa kukitunza. Ndiyo maana uimara wa zana husomwa kwenye nati iliyofunguliwa mara mia, wala si kwenye zana.

Baiskeli ya juu ya kilima hutegemea zaidi alenki, chuma chenye pembe sita kinachoingia ndani ya kichwa cha bolti, hasa ya milimita 4, 5 na 6. Hapa ubora wa chuma huamua mengi. Zana njema hutengenezwa kwa feleji iliyochanganywa na kromi na vanadi, ikapashwa moto mkali, ikapozwa ghafla ili iwe ngumu, kisha ikapashwa tena kwa moto wa kadiri ili isiwe ngumu mno ikakatika kama kioo. Feleji laini hujipinda na kula bolti. Iliyo ngumu kupita kiasi huvunjika. Jicho haliwezi kuyaona hayo chini ya rangi ya kromi, ila mkono huweza: alenki iingizwe katika bolti mpya na kutikiswa, na ikiwa kuna mchezo unaohisika, yaani nafasi ya kucheza kabla ya kushika, irudishwe kwa muuzaji.

Hata hivyo, ufupi wa zana ya mfukoni una mpaka wake, na ni haki kuutaja. Pedeli hukazwa kwa nguvu ya mzunguko ya nyutoni-mita 35 hivi au zaidi; kuifungua kwa mpini wa sentimita 8 kungehitaji mkandamizo unaokaribia uzito wa kilo 45, ilhali spana ya sentimita 25 huhitaji kama kilo 14 tu. Kota pini, ule msumari mnene wenye bapa unaoshikilia mkono wa pedeli kwenye ekseli, hautoki bila nyundo na mkono unaojua kugonga mara moja barabara bila kuupinda uzi wake. Ustadi huo ni wa fundi wa kandokando ya barabara, na hakuna kiwanda kilichoweza kuukunja mfukoni.

Baada ya kipimo na chuma, hubaki kiungo. Zana iliyofungwa kwa ribiti hulegea na kubaki imelegea. Iliyofungwa kwa bolti hukazwa tena, hufunguliwa ikasafishwa, na kipande kilichokufa hubadilishwa. Ncha ya alenki iliyochakaa nayo hukatwa milimita mbili kwa jiwe la kunolea, kazi ya dakika chache kwa mafundi chuma wa Katwe, na pembe sita hurudi mpya. Kampala hupata mvua kubwa mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, nayo kutu huanzia palepale kwenye kiungo ambako kitambaa hakifiki; tone moja la mafuta ya cherehani kabla ya Machi, na jingine kabla ya Septemba, huingia lenyewe.