Kicheko na Lawama: Jina la Lodi Lofa katika Katuni za Sani

Makala haya yanahakiki Lodi Lofa, mhusika wa Philip Ndunguru (aliyefariki 1986) katika jarida la Sani. "Lofa" ni mtu asiye na kazi wala kipato. Jina hilo linageuza hali ya uchumi kuwa tabia ya mtu. Chini ya Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983, vijana wasio na kazi walikamatwa mijini na kupelekwa vijijini. Hata hivyo, kwa kuwa lofa ndiye mhusika mkuu, msomaji humfuata yeye, si mkamataji. Kwa mhitimu wa Mkolani asiye na ajira, kicheko hicho kinaliwaza, ilhali jina lingali linamtwika lawama. Mhakiki wa katuni hana budi kuyapima yote mawili.