Majengo ya Kisangani: Mashahidi Walionyamazishwa

Mgeni anayefika Kisangani hatembei sana kabla ya kutajiwa mambo ya kutazama: maporomoko ya Wagenia, Kanisa Kuu la Bikira Maria wa Rozari kando ya mto, nyumba za zamani za Wabelgiji katika Makiso, na daraja la Tshopo. Orodha hiyo si mbaya, wasomaji wapenzi. Lakini tunailaumu kwa jambo moja: yaonyesha kuta, wala haisemi kuta hizo zimeona nini.

Tuanze na Wagenia, mahali yanapokwisha maporomoko saba ya Boyoma. Wavuvi husimika miti mirefu katika miamba, huifunga kwa kamba za mwituni, kisha hutundika mitego yao mikubwa mfano wa vikapu vyenye mdomo mpana. Stanley alipopita mwaka 1877 aliwakuta wakivua hivyo. Mto huibomoa miti, watu huisimika tena. Hakuna mti wa siku zile uliobaki, lakini ufundi umebaki, umetoka kwa baba hata mwana. Orodha huyaweka haya katika habari za maji na samaki. Sisi twasema ni jengo, tena lilitangulia kila nyumba ya matofali mjini.

Tena, mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa liwali wa Stanley Falls. Jumba lake la kutazamwa halipo hapa, lipo Unguja, alikofariki mwaka 1905. Watu wake walituachia nini basi? Walituachia uchungu wa biashara ya watumwa, na pia Kiswahili hiki tunachosalia. Ukumbusho huo hauna kuta, kwa hiyo orodha imeusahau.

Twende sasa kanisani. Padre Gabriel Grison, wa Mapadre wa Moyo Mtakatifu, alianza misioni ya Mtakatifu Gabrieli siku ya Noeli, mwaka 1897. Kanisa Kuu ni tunda la mbegu ile. Mgeni huambiwa kwamba ni zuri, naye hupiga picha. Nani humwambia habari za Juni 2000? Tangu tarehe 5 hata tarehe 10, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji ambao haukuwa wa hao wala wa hao. Umoja wa Mataifa uliandika kwamba raia zaidi ya 760 waliuawa, nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibiwa, na shule 69 zilipigwa mabomu. Kanisa Kuu nalo lilipigwa.

Na daraja la Tshopo? Ukilitazama kwa macho tu, ni daraja kama mengine. Lakini katika siku zile sita lilikuwa moja la mahali palipogombaniwa sana, na watu wa mtaa wa Tshopo walijificha ndani bila maji wala umeme, huku mabomu yakianguka juu ya mapaa. Mtu wa huko hawezi kulivuka kama mgeni anavyolivuka.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini kutonesha kidonda? Swali hilo ni la haki, kwa maana wako mama ambao hawataki hata kuisikia siku ile. Lakini kidonda kilichofunikwa bila kuoshwa huoza. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa hasara za vita vya miaka ile. Ikiwa mahakimu wa mbali wamekumbuka, je, sisi tupitao hapo kila siku tusahau?

Hatuombi minara ya fahari. Tungependa kila jengo katika orodha liwe na maneno mawili matatu ya kweli: nani alilijenga, nani alifaidika, nani alilia. Na kabla ya kuwangojea wakubwa, tuna kazi tunayoiweza. Jumapili baada ya Misa, mshike mtoto mkono, mpeleke mpaka darajani, umsimulie uliyoyaona, umtajie majina ya marehemu wenu. Hapo daraja lile litakuwa ukumbusho kwelikweli. Bila hayo ni njia ya kupita tu.