Tajiri, Bepari, Mkwasi

Mwaka 1969 Julius Nyerere alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi. Angeweza kuiita Tajiri wa Venisi na asingekosea hata kidogo, maana tajiri ni neno la Kiarabu, na huko lilikotoka halikuwa na makuu: lilimtaja mtu anayenunua na kuuza. Akaiita Mabepari wa Venisi. Bepari nalo lilipofika pwani lilikuwa na maana hiyohiyo, ila lilipitia mlango mwingine, kwa wafanyabiashara wa Bara Hindi waliokuja na pepo za kaskazi. Maneno mawili, kazi moja, bahari moja. Lakini Azimio la Arusha, lile la ujamaa, lilikuwa limeshatangazwa, Februari 1967, na mmoja kati ya hao wawili alikuwa tayari kizimbani.

Tazama uzito wa uchaguzi huo. Mfanyabiashara wa Shakespeare ni mmoja, Antonio, mwenye merikebu, ambaye hukopesha bila riba. Nyerere akaweka wingi, na kwa herufi mbili za mwanzo Antonio akatiwa chungu kimoja na Shylock, mla riba anayedai ratili ya nyama. Wapo watakaosema hapo mwanasiasa alimshika mkono mfasiri. Huenda. Mimi naona fundi aliyejua kwamba visawe havilingani hata siku moja, akachagua kinachouma.

Ufundi huo ndio ninaotaka kuusifu. Kamusi ya Visawe ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed, iliyotoka mwaka 1998, ina kazi ya kuyaketisha maneno pamoja. Kazi ya mwandishi ni kuyagombanisha. Na katika Kiswahili hakuna ugomvi mtamu kama wa maneno ya mali na neema, kwa sababu kila moja lina lake la kusema juu ya namna mali ilivyopatikana.

Zama za Azimio zilituachia bwanyenye, kabaila, mnyonyaji, kupe na mirija yake. Tajiri aliponyoka. Leo dereva wa daladala Dar es Salaam humwita hivyo mwenye gari, yule anayesubiri hesabu jioni, na humo hamna tusi wala sifa. Ni cheo tu. Mkwasi ametulia vitabuni, msafi, hana mtu anayemdai. Kigogo ana mali, lakini zaidi ana simu ya kupiga. Wabenzi walipewa kabila lao kwa ajili ya gari. Nairobi wana sonko, na sonko lazima aonekane akitumia. Sonko bahili ni neno lililojipinga lenyewe.

Vitenzi ndivyo vikali zaidi. Aliyeukata amepata kwa mkupuo, na msemaji anajiuliza kimoyomoyo ni wapi. Aliyeula ameangukia nafasi nono. Ongeza "wa chuya" na mtu huyohuyo amekwisha. Vijana wa sasa wanasema ametoboa. Neno hilo nalipenda kwa ukweli wake, kwani ndani yake mna ukuta, na wanaolitamka wengi bado wako upande huu.

Kwenye mimea na biashara ndiko wahariri wa magazeti wanakopimwa. Kustawi hukataa uovu: mahindi hustawi, jamii hustawi, lakini mwandishi anayesema magendo yamestawi amewapongeza walanguzi bila kukusudia. Kushamiri hupokea wote, kilimo cha mwani na magendo pia. Kukithiri hulalamika. Kufana ni kwa shughuli. Harusi imefana, mkutano umefana, ila duka halifani. Kunawiri ni la uso na jani: mtoto aliyepona homa akarudi kula, mgomba baada ya mvua za vuli. Kunona ni la mbuzi, na ukimwambia mtu amenona ujiandae kwa jibu. Fanaka, maskini, limebaki kutolewa kabatini Januari na siku za Idi. Juu ya maneno yote haya, bado kurasa za uchumi zimejaa "kukua kwa kasi" na "mafanikio makubwa", kana kwamba lugha nzima imefilisika ikabakiwa na hayo mawili.

(Ustawi lenyewe lina vituko. Mwanamke wa mjini Tanzania akimwambia mzazi mwenzake kwamba atampeleka Ustawi, yaani ofisi ya Ustawi wa Jamii, hamwahidi neema yoyote. Anamkumbusha matunzo ya mtoto.)

Malenga ana shida ya ziada: anahesabu. Katika mshororo wa mizani 16, nane kwa nane, mali huchukua mbili, ukwasi tatu, utajiri nne. Kina kikiwa -si, utajiri hauingii hata ukilia. Kikiwa -ri, ukwasi unabaki nje na fahari na kheri zinapita. Ustawi ukipungukiwa, fundi huurudishia umbo lake la zamani, usitawi, akapata mizani ya nne.

Na wapo wanaoweka maneno yote kando. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wake Al-Inkishafi, alipotaka kuonyesha utajiri wa mji wa Pate aliwasha taa za kioo na za shaba hadi usiku ukawa kama mchana, akatuonyesha vidaka vya sahani ukutani. Kisha kwenye vidaka vilevile akalaza makinda ya ndege. Kisawe gani cha ufukara kingefikia hapo?

Mwenye mali mwenyewe, pwani, hutumia msamiati mfupi kuliko wote. Muulize hali, atakwambia tunasukuma siku. Akiwa na maghala matatu na nyumba za kupangisha atasema si haba, alhamdulillahi. Anaogopa kijicho, anaogopa husuda, na zaidi anaogopa mkopaji. Haimsaidii. Mkopaji naye kalelewa na lugha hiyohiyo, na akishasikia "si haba" huvuta kiti karibu: "Basi ndugu yangu, nina jambo langu dogo."