'Anayevaa koti' au 'aliyevaa koti'?

Juzi jioni nilikuwa nikitazama taarifa ya habari kwenye runinga. Ripota mmoja akatuonyesha picha za CCTV za kisa cha wizi, kisha akatuambia tumtazame mwanamume "anayevaa koti jeusi". Nikatazama. Koti lilikuwa mwilini, limefungwa vifungo vyote. Sasa anavaa nini tena, jamani? Huyo keshavaa!

Ripota wetu hakukosea kwa uzembe. Alifikiri "is wearing", akatafsiri. Tangu shule ya msingi wengi wetu tulikaririshwa kwamba "ing" ya Kiingereza ni "-na-" ya Kiswahili: "is eating" ni anakula, "is running" ni anakimbia. Kufikia hapo mambo ni shwari. Mlinganyo huo hukwama tukifika kwenye vitenzi kama vile lala, simama, keti, vaa na shika. Mwingereza husema "the child is sleeping". Mswahili husema mtoto amelala. Ukisema "mtoto analala", nitaelewa kwamba ndio kwanza anajilaza, au kwamba huko ndiko alalako kila siku: analala kwa nyanya yake. Kiambishi "-me-" hapa kinatuambia kwamba tendo limekwisha ila hali iliyoletwa na tendo hilo ingalipo.

Tatizo la ripota lilizidishwa na jambo jingine. "-me-" haipokei kirejeshi ndani ya kitenzi katika Kiswahili sanifu, hivyo amevaa hugeuka aliyevaa. Yeye, nashuku, aliiogopa "-li-" akidhani inamrudisha jana.

Mkanganyiko huu husafiri pia upande wa pili. Anayezoea kusema "ninamjua" huishia kwenye "I am knowing him", akachekwa kazini.

Wapo watakaoniambia, "Prof, si tunaelewana tu?" Sokoni, huenda. Lakini hebu tuwazie mahakamani. Shahidi anasema kwa Kiingereza kwamba mshtakiwa "was holding a knife". Mkalimani akitamka "alikuwa anashika kisu", mshtakiwa asiyejua Kiingereza atasikia kwamba wakati huo ndipo alipokuwa akinyoosha mkono kukichukua. "Alikuwa ameshika kisu" inamwambia kwamba kisu kilikuwa tayari mkononi. Atajibu shtaka lipi, iwapo hilo alilotafsiriwa si hilo lililoandikwa na hakimu?