Mizani ya Meru: Chekeche, Maji na Ushairi

Neno mizani lina kazi mbili katika Kiswahili. Kwa mfanyabiashara ni chombo cha kupimia uzito. Kwa mshairi ni hesabu ya silabi katika mshororo. Wahakiki wameizoea maana ya pili hata wakaisahau ya kwanza, na kwa kusahau huko wamepoteza jambo: kwamba mizani yoyote, iwe ya dukani au ya utenzi, imewekwa na watu kwa haja yao, nayo humbadilisha anayepimwa. Mabishano juu ya mashairi ya vijana wa Arusha, yale yanayoghaniwa kwa mapigo ya hip hop, yangepata nuru zaidi lau yangeanzia huko huko, kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambako vipimo si habari ya vitabuni.

Mkulima wa Meru huchuma buni zilizoiva, akazimenya, akaziosha na kuzianika. Punje zikishakobolewa hupitishwa katika machekeche. Zinazobaki juu ya chekeche nambari 18, lenye matundu ya sehemu 18 kati ya 64 za inchi, huitwa AA. Zilizo ndogo zaidi huitwa A, kisha B, na kuendelea kushuka. PB ni ile punje ya duara iliyokua peke yake ndani ya tunda ambamo kwa kawaida hukaa mbili. Kwa nini ukubwa? Kwa sababu punje zinazolingana hukaangika sawasawa, na kwa sababu mnunuzi wa ng'ambo ataka kujua anachonunua kabla hajakiona. Haja hiyo ni ya kweli. Lakini chekeche halina ulimi. Mvua ikikosekana wakati punje zinajaa, punje hutoka ndogo hata kama ladha yake ni njema. Ndiyo maana wapo waonjaji, wanaoivuta kahawa kwa kijiko na kuipa alama. Bei ikifuata chekeche peke yake, mkulima hujifunza kulima ukubwa. (Wanywaji wa Jaws Corner, Mji Mkongwe, hawaulizi nambari ya chekeche kabla ya kupokea kikombe.)

Kosa la chekeche, basi, ni kupima kinachopimika kwa wepesi na kuliacha lililo zito. Maji ya mlima huo huo yanaonyesha kosa la pili, nalo ni la kutisha zaidi.

Meru ni volkano, na maji yapitayo katika miamba yake hubeba madini ya floraidi. Mashariki ya mji, kando ya barabara ya Moshi, pana mahali paitwapo Maji ya Chai. Jina linasema rangi, wala halisemi kilichoyeyuka ndani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Mwaka 1974 Tanzania, ikiwa na vijiji vingi visivyo na chanzo kingine cha maji, iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8. Haikuwa ujinga, kuvifunga visima hivyo kungewapeleka watu kwenye madimbwi. Ilikuwa huruma. Ila mifupa haijui huruma ya kamati. Watoto waliokulia pande hizo wameota meno ya rangi ya kahawia, na baadhi yao wamepinda miguu, ilhali maji waliyokunywa huenda yalikuwa halali kwa kipimo cha nchi yao. Kiwango cha muda kikadumu kwa miaka mingi. Kiwango cha pamoja cha Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ni 1.5, na makao makuu ya Jumuiya hiyo yako Arusha mjini, mwendo mfupi kutoka Maji ya Chai. Kituo cha Ngurdoto, kwenye miteremko ya mlima, kimeshughulika na kuyachuja madini hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi ya polepole isiyo na sherehe.

Makosa haya mawili ndiyo yanayotawala uhakiki wa ushairi wa Arusha.

Wa chekeche ni wale wanaokwenda na kitabu cha Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi, kilichotoka mwaka 1954. Humo mna vina vya kati na vya mwisho, mizani nane kwa nane, na ubeti unaojitosheleza. Yafaa kukumbuka kwamba Muyaka bin Haji alitunga Mombasa zaidi ya karne moja kabla ya kitabu hicho, akiongozwa na sikio na sauti ya kuimbia. Na kwamba sheria zinazoitwa za pwani ziliandikwa na mtu wa Ujiji. Abedi alikusanya desturi. Waliomfuata wakaifanya amri, na Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 wakahesabu silabi zake kwa vidole wakamtoa nje ya ushairi. Leo wanamhesabia hivyo hivyo kijana wa Kaloleni au Ngarenaro. Wanapata tisa, kumi na nne, kumi na moja, wanafunga daftari.

Wa pili ni wale wenye huruma. Hao husema: waacheni, ni vijana, ni wa bara, wasanii wa mtaani hawapimwi. Neno lao ni tamu na ndilo lenye madhara zaidi, maana hiyo ni ile miligramu 8: kumsamehe mtu kipimo kwa kudhani hawezi kupata maji mengine.

Kipimo kipo. Mghani wa hip hop hahesabu silabi, anahesabu mapigo: manne katika kila mstari, na silabi zozote atakazozitia lazima zitue kwa wakati. Hiyo ni mizani, tena kali, kwa kuwa hadhira nzima inaishika miguuni na anayechelewa huonekana papo hapo. Sikiliza albamu ya X Plastaz wa Arusha, Maasai Hip Hop ya mwaka 2004. Uimbaji wa Kimaasai wa Yamat ole Meipuko haukuwekwa pale kuwa pambo la watalii. Pumzi yake ya kooni ndiyo inayoshika mwendo, na Kiswahili cha wenzake, akiwemo Faza Nelly aliyefariki mwaka 2006, kinalazimika kutembea juu yake. Mpwani asiyejua Kimaa atautambua mgawanyo huo wa kazi kati ya kiongozi na waitikiaji, kwa kuwa ngomani kwao upo.

Wakipimwa hivyo, baadhi ya waghani wa Arusha wataanguka, na ni haki waanguke. Maneno karibu yote ya Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Kwa hiyo kina cha irabu pekee ni cha bure. Mapokeo ya pwani hudai silabi nzima. "Mlima" na "kulima" vimekutana. "Mlima" na "barabara" vimepishana tu njiani. Mghani anayeridhika na ile "a" ya mwisho anauza punje ndogo kwa jina la AA. Tena Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Pigo likiangukia silabi ya mwisho, "kahawa" hugeuka "kahawá", na msikilizaji wa Unguja hukunja uso kabla hajajua sababu.